Mtoto akizaliwa na mwili usioonyesha wazi kama ni wa kike au wa kiume: lipi ni la haraka, na lipi lingoje

Mkunga anapompokea mtoto, kila mtu chumbani anasubiri neno moja: wa kike au wa kiume? Mara chache sana, mkunga anaangalia, anaangalia tena, halafu ananyamaza. Ukimya huo unamtisha mama kuliko uchungu wa kuzaa. Kabla jua halijazama, habari imeshafika bombani kwenye foleni ya maji, na kila mmoja ana maelezo yake: laana, uchawi, dhambi ya baba, kitu alichokula mama akiwa na mimba.

Makala haya ni kwa ajili yako kama umepata mtoto wa namna hiyo, kama wewe mwenyewe ulizaliwa hivyo, au kama ni jirani wa familia iliyopata mtoto huyo, uwe unaishi Kinama au Gasorwe upande wa Muyinga, mjini Gitega, au kwenye kilima chochote cha Burundi.

Ukiwa na haraka, shika haya manne:

- Hali hii si laana wala si kosa la mama. Mwili wa mtoto ulikua kwa njia tofauti tumboni.
- Mtoto mchanga wa namna hii akianza kutapika, kukataa kunyonya au kulegea, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Anaweza kufa.
- Usimtahiri mtoto ambaye tundu la mkojo haliko mahali pake, au ambaye jinsia yake haijafahamika, kabla daktari hajamwona.
- Upasuaji wa kubadilisha sura ya sehemu za siri mara nyingi unaweza kungoja. Ukishafanywa, haurudi nyuma.

Hali hii ni nini?

Katika wiki za kwanza za mimba, watoto wote wana maumbile yanayofanana. Kuanzia kama wiki ya saba, chembe za urithi na homoni huanza kuongoza mwili upande wa kiume au wa kike. Kazi hiyo ina hatua nyingi. Hatua moja ikienda tofauti, mtoto anaweza kuzaliwa na sehemu za siri zisizo za upande mmoja wazi, au akaonekana wa upande mmoja kwa nje huku ndani ana viungo vya upande mwingine.

Pwani ya Kenya na Tanzania, mtu wa namna hii huitwa huntha. Wengine husema mtu mwenye jinsia tata. Yapo pia majina ya matusi, ambayo hatutayaandika hapa. Madaktari wanakadiria kwamba mtoto 1 kati ya 4,500 hivi huzaliwa na sehemu za siri zinazofanya iwe vigumu kusema jinsia yake kwa kumtazama tu. Ni wachache, lakini wapo katika kila taifa na kila kabila.

Si wote wanaojulikana siku ya kuzaliwa. Kuna msichana anayefika miaka 16 bila kuona hedhi, na ekografi inaonyesha hana mfuko wa uzazi. Kuna mtoto aliyelelewa kama msichana, ambaye sauti inakuwa nzito na misuli inakaza anapobalehe. Hakudanganya mtu, wala wazazi wake hawakudanganya. Mwili ulichelewa kusema.

Dalili za hatari: usingoje kesho

Sababu mojawapo inayojulikana sana ni ugonjwa wa tezi ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizo hushindwa kutengeneza homoni inayosaidia mwili kutunza chumvi na kuhimili ugonjwa, na badala yake hutoa homoni za kiume kupita kiasi. Mtoto wa kike mwenye ugonjwa huo anaweza kuzaliwa akionekana kama wa kiume.

Hatari kubwa iko katika chumvi. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, mtoto huanza kupoteza chumvi na maji. Anatapika, hanyonyi, uzito unashuka, analegea, macho yanaingia ndani. Watu husema ni tumbo au ni malaria. Mtoto akikosa matibabu anaweza kufa kwa siku chache. Mtoto wa kiume mwenye ugonjwa huo huo huonekana wa kawaida kabisa, kwa hiyo anaweza kufa bila mtu kujua sababu. Kama umewahi kupoteza mtoto mchanga kwa dalili hizi na sasa una mwingine, mwambie mganga wa kituo cha afya habari ya yule wa kwanza.

Ugonjwa huu una dawa. Mtoto hunywa dawa ya homoni kila siku, maisha yote, na kipimo chake huongezwa akipata homa kali au akifanyiwa upasuaji. Usiache dawa kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Anaonekana mzima kwa sababu anakunywa dawa. Na ukijua utahama, iwe ni kurudi nyumbani, kupelekwa kambi nyingine au kuhamishiwa nchi ya tatu, omba mapema karatasi yenye jina la dawa na kipimo chake, pamoja na dawa za kutosha za safari.

Tohara: neno moja muhimu kwa wazazi

Takriban mvulana 1 kati ya 250 huzaliwa na tundu la mkojo chini ya uume badala ya kwenye ncha. Wengi wao ni wavulana bila shaka yoyote. Hata hivyo wasitahiriwe kabla ya kuonwa na daktari, kwa sababu mpasuaji anaweza kuihitaji ngozi ile ile ya govi ili kutengeneza njia ya mkojo. Ikishakatwa na kutupwa, kazi inakuwa ngumu zaidi. Kama unatahiri watoto kambini au mtaani, mwangalie kila mtoto kwanza. Ukiona tundu haliko mahali pake, au korodani hazionekani, weka wembe chini na umwelekeze mzazi hospitalini.

Upasuaji: lini, na nani aamue?

Upo upasuaji usiongoja, kwa mfano mkojo usipopata njia ya kutoka. Vilevile daktari akikuambia kwamba korodani zilizobaki tumboni zinahitaji kushushwa au kufuatiliwa, msikilize, kwa sababu zinaweza kuleta saratani baadaye. Hayo ni mambo ya afya.

Upasuaji wa kumfanya mtoto “aonekane” msichana au mvulana ni jambo jingine. Kwa miaka mingi, madaktari wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mtoto ni kama udongo mbichi: mpe sura ya nje mapema, mlee kwa jina hilo, usimwambie kitu, naye atakuwa hivyo. Aliyeieneza sana fikra hiyo ni John Money, mtaalamu wa saikolojia wa Johns Hopkins mjini Baltimore.

Kesi iliyoivunja fikra hiyo ni ya David Reimer wa Kanada. Alizaliwa 1965 akiwa mvulana wa kawaida, pacha. Akiwa mtoto mchanga, tohara ya hospitali iliharibu uume wake. Kwa ushauri wa Money alifanyiwa upasuaji zaidi, akapewa jina la kike na kulelewa kama msichana. Kwa miaka mingi kesi yake ilitajwa kama mfano wa mafanikio. Nyumbani mambo yalikuwa tofauti: mtoto alikataa magauni, alichekwa shuleni na alikuwa na huzuni nzito. Mwaka 1980, akiwa na miaka 14, baba yake alimwambia ukweli. Alichagua mara moja kuishi kama mwanamume. Baadaye alikubali habari yake itangazwe ili watoto wengine wasifanyiwe hivyo. Maisha hayakuwa mepesi kwake, na mwaka 2004 alijiua akiwa na miaka 38.

Reimer hakuzaliwa na jinsia tata, lakini habari yake iliwafundisha madaktari jambo linalowahusu watoto wote hawa: kisu kinaweza kubadilisha sura ya mwili bila kubadilisha jinsi mtu anavyojijua. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Chicago 2005 ulishauri tahadhari kubwa katika upasuaji wa namna hii, na ukasema familia ielezwe kila kitu waziwazi. Malta ilipiga marufuku 2015 upasuaji usio wa lazima kwa watoto hawa kabla hawajaweza kukubali wenyewe. Nchini Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaja mtoto wa namna hii kwa jina, inataka atendewe kwa heshima, na inakataza kumbadilisha au kumwondolea viungo bila ushauri wa daktari bingwa wa mambo ya urithi.

Hii haina maana kwamba mtoto akae bila jinsia. Madaktari wengi hushauri mtoto apewe jina na alelewe kama msichana au mvulana, kufuatana na vipimo na jinsi wataalamu wanavyotazamia atakua. Jina na nguo vinaweza kubadilishwa baadaye. Kiungo kilichokatwa hakirudi.

Kwa hiyo ukiambiwa mtoto wako anahitaji upasuaji, uliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi: Asipofanyiwa sasa, atapata madhara gani ya afya? Tukingoja mpaka akue na kusema mwenyewe, tutapoteza nini? Ni kitu gani kitakachoondolewa ambacho hakitarudi? Daktari mwema hatakasirika kwa maswali haya. Kama huelewi Kifaransa wala Kirundi, omba mkalimani unayemwamini. Jambo hili lisitafsiriwe na mtoto wako mkubwa.

Karatasi: “M” au “F”?

Kwa mkimbizi, karatasi ni maisha. Ndiyo maana kisanduku kidogo cha jinsia kinaweza kugeuka kuwa tatizo kubwa.

Kenya ilijifunza hilo kwa mtoto anayejulikana mahakamani kama Mtoto A, aliyezaliwa Nairobi 2009. Kwenye karatasi zake za hospitali, mahali pa jinsia, iliwekwa alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2014 mahakama iliiagiza serikali ishughulikie namna ya kuwatambua na kuwalinda watoto hawa. Katika sensa ya 2019 Kenya iliwahesabu watu wa jinsia tata kwa mara ya kwanza: 1,524 walijitaja. Uganda nayo, katika sheria yake ya 2015 ya kuandikisha watu, iliweka nafasi ya kusahihisha kumbukumbu za mtoto wa namna hii baada ya upasuaji na uthibitisho wa daktari.

Ukiwa Burundi, fanya hivi. Usiache kumwandikisha mtoto kwa sababu ya aibu. Mtoto asiyeandikwa hubaki na matatizo mawili badala ya moja. Mwandikishe mapema kwenye komini, halafu uhakikishe ameongezwa kwenye orodha ya familia yako kwa HCR na ONPRA, ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi. Tunza karatasi zote za hospitali. Kama siku moja itabidi kuomba masahihisho, karatasi hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yake.

Na ikiwa ni wewe, mtu mzima, mwenye karatasi zisizofanana na unavyoonekana, usisubiri siku ya mahojiano ya kuhamishwa ndipo uanze kutafuta maneno. Omba kuongea faraghani na mfanyakazi wa ulinzi wa HCR. Una haki ya kuomba uhojiwe na mwanamke au mwanamume, na mkalimani vivyo hivyo. Ukimwona mkalimani ni jirani yako wa kambini, unaweza kumkataa bila kueleza sababu mbele yake.

Binti wa Ruyigi

Warundi hawana haja ya kwenda Kanada kutafuta mfano. Francine Niyonsaba alizaliwa Ruyigi 1993. Mwaka 2016, huko Rio, alipata medali ya fedha katika mita 800, medali ya pili ya Olimpiki katika historia ya Burundi baada ya dhahabu ya Vénuste Niyongabo ya 1996. Mwaka 2016 na 2018 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 za ndani ya ukumbi.

Mwaka 2019 alisema hadharani kwamba mwili wake hutengeneza testosteroni nyingi kuliko ilivyo kawaida kwa wanawake. Shirikisho la riadha la dunia lilikuwa limeweka kanuni: mwanamke wa namna hiyo asikimbie mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja kabla ya kuishusha homoni hiyo kwa dawa. Caster Semenya wa Afrika Kusini, aliyemshinda Rio, aliipinga kanuni hiyo mahakamani kwa miaka mingi.

Niyonsaba alihamia mbio ndefu. Katika michezo ya Tokyo ya 2021 alimaliza wa tano katika mita 10,000, na Septemba mwaka huo aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb. Mwaka 2023 kanuni ilipanuliwa hadi mbio zote.

Watu wanabishana kuhusu haki katika michezo, na kila upande una hoja zake. Sisi tunaona jambo jingine. Huyu alizaliwa msichana, akalelewa msichana, akabeba bendera ya nchi kama mwanamke. Mwili wake haukumzuia kujijua yeye ni nani. Maswali yaliletwa na watu wa nje, wenye kipimo cha damu mkononi. Binti yako akichekwa shuleni kwa sababu ya sauti nzito au ndevu chache, mwambie habari ya Niyonsaba.

Mtoto akikua na kusema mlikosea

Inatokea. Mtoto mliyemwandika msichana anasema yeye ni mvulana, au kinyume chake. Msimpige wala msimfungie ndani. Mpelekeni kwa daktari, kwa sababu huenda ndani ya mwili kuna jibu ambalo hamjawahi kuliona.

Wapo pia watu ambao vipimo vyote ni vya kawaida, na bado wanahisi kwa nguvu kwamba jinsia waliyopewa si yao. Hiyo ni hali tofauti, watu wengi huichanganya na ile ya kwanza. Shirika la Afya Duniani liliitoa kwenye orodha ya magonjwa ya akili katika mwongozo wake mpya, ulioanza kutumika Januari 2022. Haina maana kwamba mtu huyo hateseki. Anaweza kuwa na huzuni nzito na kufikiria kufa. Mtu akikuambia amechoka kuishi, usimwache peke yake, na umsindikize kituo cha afya siku hiyo.

Sheria ya Burundi inasemaje?

Ni vizuri ulijue hili bila kudanganywa. Tangu 2009 sheria ya jinai ya Burundi inaadhibu tendo la ndoa kati ya watu wa jinsia moja. Sheria hiyo inahusu tendo. Kuzaliwa na mwili wa namna fulani si kosa la jinai, na kumpeleka mtoto kupimwa si kosa pia. Lakini majirani wengi hawajui tofauti, na uvumi unaweza kumletea mtu hatari ya kweli. Ndiyo sababu siri ya mgonjwa ni muhimu kuliko kawaida. Kama wewe ni mwalimu, mremeshakiyago, mkuu wa mtaa au mkalimani, ulichokiona au kukisikia kuhusu mwili wa mtu kiishie kwako.

Kanisani, msikitini na nyumbani

Familia nyingi huuliza kwanza dini inasemaje. Wanazuoni wa Kiislamu walijadili hali ya huntha karne nyingi zilizopita: atasimama safu gani kwenye swala, atarithi fungu gani. Hawakumfukuza, walimtafutia nafasi. Wakristo husoma katika Injili habari ya mtu aliyezaliwa kipofu, ambapo wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Mchungaji au shehe anayetaka kusaidia ana pa kuanzia.

Nyumbani, anayebeba mzigo mara nyingi ni mama. Baba anahama, mama mkwe ananyamaza, na mama anaogopa hata kumbadilisha mtoto nepi mbele ya watu. Baba, mtoto huyu ni damu yako, na chembe za urithi wake nusu zimetoka kwako. Simama na mkeo. Jirani, usiombe “kuona.” Leta uji, chota maji, fua nguo za mtoto.

Uende wapi?

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, ndani au nje ya kambi. Tangu 2006 huduma za uzazi na matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya serikali ya Burundi. Mganga akiona kuna haja, atakupa barua ya rufaa kwenda hospitali ya Muyinga, au ya mkoa Gitega, na kesi ngumu hupelekwa Bujumbura. Kipimo cha kromosomu huenda kikachukua muda mrefu kupata majibu, lakini ekografi na uchunguzi wa daktari wa watoto vinaweza kuonyesha mengi. Mkimbizi apitie kituo cha kambi apate barua kabla ya kusafiri, ili gharama na usafiri visimwangukie yeye.

Ukifika, huna haja ya kumweleza kila mtu kwenye foleni. Sema hivi: “Nataka kuongea na muganga peke yangu, ni jambo la mtoto wangu mchanga.” Hayo yanatosha kufungua mlango.

Na siku mkunga atakaponyamaza mbele yako, au mbele ya dada yako, liwepo jibu ambalo si la laana: mtoto huyu yuko hai, aanze kunyonya, apewe jina. Mengine yatafuata baada ya daktari kumwona.